Magunia Yaliyokaliwa

Katika kikundi cha akina mama wa Nyamarambe, hakuna gunia la makaa lililotoka bila kukaliwa. Hiyo ilikuwa kanuni ya Nyakerario, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, tena mwenye makalio mapana kuliko wanachama wote kumi na wanne, hakuna aliyebisha. Makaa yakifukuliwa kutoka kwenye tanuri ya udongo yalilala wazi siku tatu, usiku na mchana. Kisha yalitiwa maguniani, yakashonwa kwa kamba ya katani na kupangwa kivulini, na Nyakerario akapita akiyakalia moja baada ya jingine. Kila gunia alilipatia beti tatu za wimbo wa kanisani, mdomo umefungwa, sauti ikipitia puani.

Ubeti wa kwanza, alisema, ni wa nguo, maana nguo zina joto lake. Wa pili ni wa mwili. Wa tatu ndio wa makaa: kama kuna kaa moja lililobaki hai katikati ya gunia, hapo ndipo litakapobisha hodi.

"Mkono haujui mambo haya," aliwaambia wenzake. "Mkono umeshika sufuria miaka sitini, umekufa ganzi. Lakini huku nyuma sijawahi kupikia."

Kwamboka, mke wa mwanawe Mogire, ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na jambo la kukalia magunia lilimtia aibu kuliko lolote lililokuwa kwenye kumbukumbu za mikutano.

"Mama, kuna kipimajoto siku hizi. Unakielekeza tu kwenye gunia, kinasema namba."

"Kinaimba?"

"Hakiimbi."

"Basi kitajuaje ubeti wa tatu umefika?"

Kwamboka akaandika kwenye daftari kwamba magunia thelathini yamekaguliwa. Hakuandika yamekaguliwa vipi.

Magunia hayo thelathini hayakuwa ya soko la Nyamarambe. Yalikuwa ya ziwani. Miaka tisa nyuma Nyakerario aliwashawishi wanawake kumi na wawili wapande mikaratusi kwenye miteremko yao mibaya, ile ambayo hata migomba iliikataa, na jirani zao wenye majani chai waliwacheka wakachoka. Sasa miti ilikuwa imekomaa, kibali cha ofisi ya misitu kilikuwa kwenye pochi ya Kwamboka, na wateja walikuwa wale wale wa kununua makaa kwa kopo moja na kuomba nyongeza ya mawili. Ndipo ujumbe wa Calvince ulipoingia kwenye simu.

Calvince alikuwa na boti kubwa ya mbao iliyoitwa Erokamano, yaani asante kwa Kijaluo. Kila Jumapili ilipakia Homa Bay saruji, soda, unga na magodoro, ikavipeleka Mbita na kisha kisiwani Mfangano, ambako wakaushaji wa samaki na wenye hoteli walililia makaa kama watoto wanavyolilia maandazi. Alikuwa na nafasi ya magunia sitini kila wiki. Aliandika hivi: "Nataka mtu mmoja wa kudumu, sitaki wawili wa kugombana kwenye gati. Jumapili mje, kila mmoja na magunia thelathini. Nitaona nani anajua mzigo."

Huyo wa pili alikuwa Ogeto wa Masimba. Nyakerario alimfahamu vizuri. Alikuwa shemasi wa kanisa la Sabato, mtu mrefu, suruali zake zimepigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate, na alipenda kuombea chakula mpaka kipoe. Kwenye makambi ya kanisa alikuwa amewahi kumwambia Nyakerario, mbele za watu, kwamba biashara ya makaa inahitaji mwanamume mwenye gari. Nyakerario alimjibu kwamba gari analo, ila anamkodi mwanamume wa kuliendesha ili naye apate kitu cha kufanya.

Mwanamume huyo alikuwa Osoro, na Jumapili hiyo alfajiri lori lake lilishuka kutoka Nyamarambe likiwa na magunia nyuma, na mbele Nyakerario katikati, Kwamboka dirishani. Saa moja na nusu walikuwa Homa Bay.

Nyakerario alikuwa amewahi kuliona ziwa mara mbili tu, zote kwa mbali, akiwa arusini. Leo alisimama gatini akalitazama jinsi anavyotazama shamba la mtu mwingine: lilianzia wapi, liliishia wapi, lilielekea wapi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

"Linapanda," akasema.

"Nini kinapanda, Mama?" Kwamboka akauliza.

"Ziwa. Tazama. Hapa miguuni pako liko chini. Kule mwisho liko juu, karibu na mawingu. Osoro, wewe si una macho?"

Osoro alitazama. Ni mtu wa Nyamarambe, aliyezaliwa mteremkoni na kulimishwa mteremkoni, na hajapata kuona kitu kipana kama kile ambacho hakikuegemea upande wowote. "Ni kama linapanda kweli," akasema.

"Na gari likiwa na mlima mbele, mzigo unakaa wapi?"

"Mbele, karibu na kichwa. Ukikaa nyuma gari litainua pua."

"Haya basi."

Calvince alikuwa ameingia kwenye ofisi ya gati kuonyesha makoti ya kuokolea maisha, ambayo ofisa alitaka kuyahesabu moja moja. Ogeto alikuwa amefika zamani. Magunia yake thelathini yalipangwa vizuri kivulini kando ya ukuta wa ghala, naye alikuwa akiwapigia hadithi wapakiaji.

"Ijumaa jua likizama, wakati wa kufungua Sabato, tanuri yangu ilikuwa bado inafuka moshi," alikuwa akisema kwa sauti ya mimbari. "Na leo Jumapili asubuhi, mimi huyu hapa ziwani. Huo ndio mwendo. Wengine wanangoja makaa yalale usingizi, utafikiri ni watoto."

Nyakerario alisikia. Lakini alikuwa na kazi. Aliwaita wapakiaji wa boti, vijana wanne wa hapo hapo Homa Bay, akawaonyesha pua ya boti kwa kidole.

"Yote huko mbele."

"Mama, huko mbele?" mmoja akauliza.

"Mbele kabisa. Mnataka ipande ikiwa imeinua pua?"

Vijana wakatazamana. Hawakuwahi kuambiwa hivyo, lakini hawakuwahi pia kuambiwa jambo lolote na mtu mwenye uhakika namna hiyo. Na tusiseme uongo, wawili kati yao walitaka kuona itakuwaje. Wakabeba. Gunia la kumi likaingia, la kumi na tano, la ishirini. Nyakerario alisimama gatini mikono kiunoni akiwasukumia maneno. Gunia la ishirini na tatu lilipotua, Erokamano iliinama kama ng'ombe anayekunywa maji mtoni, na huko nyuma injini zikatoka majini zote mbili, mapanga yake yakidondoka matone hewani.

Calvince akatoka ofisini na makoti begani. Akasimama. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tumbo linaloanza. Aliiangalia boti yake, akamwangalia yule mama mwenye mikono kiunoni, akayaweka makoti chini.

"Dani," akasema, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoitwa nyanya kwa Kijaluo, "boti yangu inatafuta nini huko chini?"

"Nimeipakia ya kupanda."

"Kupanda wapi?"

Nyakerario akamwonyesha ziwa. Calvince aligeuka akalitazama, akarudi kumtazama, na tumbo lake likaanza kutikisika kabla kicheko hakijafika mdomoni. Wapakiaji wakaketi chini. Osoro akagundua kwamba tairi la lori lilihitaji kukaguliwa, akaenda kulikagua. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa Ogeto, aliyejishika ukutani ili asikunje suruali.

"Mama Mogire," akasema akifuta macho, "ulifikiri unapanda milima ya Keroka?"

"Nilifikiri naenda mahali ambapo maji yana akili ya kukaa kama maji mengine," Nyakerario akajibu. "Mtoni kwetu yanashuka. Haya yamelala tu, nani aliyeyafundisha uvivu?"

Watu wakacheka tena, na safari hii walicheka pamoja naye. Lakini Calvince aliangalia saa, na kicheko kikamwisha.

"Dani, sikiliza. Upepo unaanza saa tano. Lazima niwe nimeondoka saa tatu. Kuyatoa magunia yako yote na kuyapanga upya katikati ni kazi ya saa nzima. Ya shemasi yako tayari pale."

"Nina mengine thelathini kwenye lori," Ogeto akasema haraka. "Nilijua tu. Sitini kamili, kapteni. Tunayatoa haya ya mama, tunaingiza yangu, unaondoka."

Calvince alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa boti, na mtu wa boti husimamia alichosema. "Dani, yako yatangoja. Na kuhusu nafasi ya kudumu..." Akawaashiria wapakiaji.

Kwamboka aliona uso wa mama mkwe wake. Haukubadilika. Lakini aliwaza juu ya wale wanawake kumi na wawili waliobaki Nyamarambe, waliosema wangekuja stendi jioni kulipokea lori tupu, na jinsi wangelisikia kwanza likiunguruma kwa uzito kabla hawajaliona. Miaka tisa ya mikaratusi ingerudi nyumbani ikiwa kwenye magunia, kungojea mteja wa kopo.

Wapakiaji wakaanza kuyatoa. Nyakerario alitembea polepole mpaka kivulini, akatafuta pa kuketi, na kwa kuwa hapakuwa na benchi aliketi juu ya gunia la karibu, ambalo lilikuwa la Ogeto. Aliketi awaze. Na kwa mazoea tu, kama mtu mwingine anavyojikuna, alianza kuvumisha wimbo puani.

Ubeti wa kwanza akauvumisha akitazama boti. Ubeti wa pili akauvumisha akitazama miguu yake. Ubeti wa tatu ulifika nusu, ukakatika.

Kwamboka aligeuka. Kwa miaka sita aliyoolewa katika boma lile, alikuwa amesikia wimbo huo ukivumishwa mara elfu, na hakuwahi kuusikia ukikatwa.

Nyakerario hakuinuka. Alisogea kidogo kushoto, akatulia. Akasogea kulia, akatulia. Akakunja kanga vizuri magotini, akawa kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko karibu.

"Shemasi," akaita. "Hebu njoo uketi na mimi. Nimezeeka, sipendi kuketi peke yangu."

"Nina kazi, Mama Mogire."

"Keti kidogo tu. Wimbo mmoja."

Ogeto alisogea, kwa sababu mshindi hupenda kuonekana mwema. Nyakerario akampisha pale pale alipokuwa, akapapasa gunia kwa kiganja kama anayelaza mtoto. Ogeto akainua suruali kidogo magotini kuokoa ule mstari, akaketi. Nyakerario akauanza wimbo upya, toka ubeti wa kwanza, taratibu.

Calvince akasema kutoka kwenye boti, "Dani, hatuna muda wa ibada."

"Si ibada, mwanangu. Ni ukaguzi."

Kwenye ubeti wa pili Ogeto alikohoa. Kwenye ubeti wa tatu alibadilisha upande. Kisha akasimama, akajipangusa nyuma kama mtu aliyeketi penye mavumbi.

"Vipi, Shemasi, makaa yako yamekukumbuka?"

"Ni jua," Ogeto akasema.

"Jua liko kule. Hapa ni kivuli tangu kuumbwa kwa ukuta huu. Gusa gunia la pili, bado lina umande. Hili limekauka. Umande wake umekwenda wapi?"

"Basi ni wewe. Umeketi hapo muda mrefu. Ni wewe umelipasha."

Nyakerario akamtazama kwa huruma kubwa. "Shemasi, ningekuwa na joto la namna hiyo, unadhani ningekuwa mjane mpaka leo?"

Wapakiaji wakaweka magunia chini ili wacheke kwa mikono mitupu. Calvince hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuja, na macho yake yalikuwa yamepita kwenye gunia yakaenda kwenye madumu manne ya petroli yaliyokuwa hatua tano kutoka pale.

"Shemasi," akasema, "hayo makaa yamefukuliwa lini?"

"Yamelala vizuri. Yamepoa kabisa."

"Lini?"

"Hilo hata mimi naweza kukusaidia," Nyakerario akasema. "Ijumaa wakati wa kufungua Sabato tanuri ilikuwa bado inafuka. Ametuambia mwenyewe, tena kwa sauti. Leo Jumapili asubuhi makaa yako ziwani. Katikati kuna siku moja tu, na siku hiyo ni Jumamosi. Sasa, Shemasi, mimi nawe tunaketi kanisa moja. Uliyafukua Sabato mchana, yakapata angalau muda wa kupumua? Au uliheshimu Sabato, ukayafukua jua likizama, na kuyashona usiku huo huo yakiwa hai?"

Ogeto aligeuka huku na huku. Akaona kwamba kila upande aliogeukia palikuwa na mtu wa kumhukumu amesimama. Kama aliyafukua Sabato, habari ingefika Masimba kabla yake. Kama alingoja jua lizame, kapteni alikuwa pale amekunja mikono.

"Sabato niliitunza," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilijua. Wewe ni mcha Mungu. Kapteni, leta kisu."

Calvince alipasua gunia kwa kisu cha samaki. Juu makaa yalikuwa meusi, mazuri, yanayolia kama vigae. Akachimba kwa mkono, akautoa upesi. Katikati palikuwa na weupe wa majivu, na ndani ya majivu kitu chekundu, kidogo kama jicho la kuku, kikafumbuka. Upepo wa ziwa ukakipulizia. Kikafumbuka zaidi, moshi ukanyooka, na hakuna mtu kwenye gati lile aliyekumbuka tena boti iliyoinama.

Calvince aliyabeba madumu ya petroli mwenyewe, mawili mawili, akayapeleka mbali huko mwisho wa ghala. Wapakiaji walichota maji ziwani wakalimwagia lile jicho mpaka gunia zima likalia fyuu na kunyamaza. Calvince aliporudi alikuwa na jasho ambalo halikutokana na kubeba.

"Katikati ya ziwa," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Chini ya magodoro. Na abiria sita."

Kisha akavua kofia. "Dani, mengine yakoje?"

"Sijui. Sijayakalia."

"Yakalie."

"Yote?"

"Yote. Ya kwake haya ya kivulini, na ya kwako."

"Yangu yamekaliwa nyumbani. Lakini sikatai, mtoto wa watu anataka kuona." Akamgeukia Kwamboka. "Katibu, leta ile chupa ya uji. Hii ni kazi ya ofisini."

Na Kwamboka, aliyekuwa akiona aibu miaka sita, akafungua daftari katikati ya gati la Homa Bay mbele ya watu wote, akaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Mama mkwe wake akaenda kwenye magunia ya Ogeto kwanza. Hakuharakisha. Kila moja alilipatia beti zake tatu, na baadhi, Kwamboka aliapa baadaye, aliyaongezea pambio. Magunia saba yalipatikana hai, pamoja na lile la kwanza. Kila lilipopatikana aliinua kidole, wapakiaji wakalivuta kando, na Ogeto akalimwagia maji mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, ule mstari wa suruali umelala chali.

Saa tatu ilipita. Calvince hakuitazama saa. Vijana walikuwa wamekwisha kuyapanga magunia ya Nyamarambe, yote yamekaliwa upya na kukutwa yamepoa, katikati ya boti, mazito chini, na Erokamano ikakaa juu ya maji kama kuku juu ya mayai. Nafasi ya magunia thelathini ilibaki wazi, maana siku hiyo Calvince hakutaka hata gunia moja la Ogeto.

"Jumapili ijayo, Dani, utaijaza yote sitini," Calvince akasema. "Na Jumapili zote. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Usiwaonyeshe vijana wangu pa kupakia."

"Nami nina langu. Hakuna makaa yatakayopanda humu, yangu au ya mwingine, bila mimi kuyakalia. Na uniletee kiti cha kungojea. Siwezi kuwa nakaa kwenye kazi tu."

"Kiti kipo."

Ogeto alikuwa amesimama kando ya lori lake, ameloa mpaka magotini. Nyakerario akamwendea na kikombe cha uji.

"Shemasi, kunywa. Unajua yale magunia ishirini na matatu yaliyopoa ni makaa mazuri. Mti wako ni mzuri."

"Unanicheka, Mama Mogire."

"Nilikwisha kukucheka, nimemaliza. Sasa nazungumza. Mikaratusi yetu haitatosha sitini kila wiki, wiki nyingine tutapungukiwa. Makaa yako yakilala siku tatu uniletee Nyamarambe, niyakalie, yaende kwa jina la kikundi. Ila utangoja zamu, nyuma ya wanawake kumi na wanne."

Ogeto alikunywa uji mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Siku tatu zikiangukia Sabato?"

"Sabato tunaihesabu. Hata makaa yanapumzika."

Injini zikanguruma. Erokamano ikaachana na gati, ikageuza pua yake, ambayo sasa ilikuwa imeinuka kidogo kwa adabu, ikaelekea Mbita na makaa ya Nyamarambe tumboni. Nyakerario alisimama na Kwamboka upande mmoja, Osoro upande mwingine, akikinga macho kwa kiganja. Boti iliondoka ikiwa chini karibu na miguu yao. Ikawa ndogo. Ikasogea, ikasogea, na kila iliposogea ilionekana juu zaidi, mpaka ikafika kule ziwa linakokutana na mawingu.

"Osoro," akasema, "wewe si una macho. Imefanya nini?"

Osoro aligeuka kuhakikisha kwamba wapakiaji hawasikii.

"Imepanda, Mama," akasema.

"Asante," Nyakerario akasema, akapanda kwenye lori tupu.